Kusahau Baada ya Matibabu ya Kansa

(Haya ni maneno ya muuguzi mmoja katika siku ya mafunzo ya vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)

Nimeambiwa nina muda mfupi kabla ya chai, kwa hivyo sitazunguka.

Wengi mlidhani nitasema juu ya kuchunguza matiti na kupimwa mlango wa kizazi. Hayo tumeyasema na tutayarudia, maana kansa hizo mbili ndizo zinazowapata wanawake wengi zaidi hapa Kenya. Lakini leo nataka kusema juu ya yule aliyekwisha kutibiwa. Amemaliza sindano, nywele zimeota, amerudi shambani, nasi tunasema amepona. Halafu anaanza kusahau.

Nitawaambia jambo la aibu yangu mwenyewe. Katika kikundi chetu tulikuwa na mweka hazina aliyeshika daftari miaka tisa, na hakuwahi kukosea hata shilingi kumi. Akapata kansa ya titi, akafanyiwa upasuaji, akadungwa dawa za kemo mara sita. Aliporudi tulimpa daftari lake kwa makofi. Mwezi wa tatu hesabu ikakataa. Mwezi wa nne ikakataa tena. Pesa za zamu zilikuwa zimelipwa kwa mtu mmoja mara mbili, na huyo aliyelipwa mara mbili alinyamaza kimya (hilo nalo ni somo la siku nyingine). Mweka hazina alipoulizwa alitutazama tu. Akasema, "Sijui. Nilidhani nimeandika." Watu wakanong'ona kwamba ugonjwa umemaliza pesa zake, sasa anakula zetu. Tukapiga kura kwa kuinua mikono. Mimi, muuguzi mwenye cheti, niliinua wangu pamoja na wengine.

Shuleni nilifundishwa kuangalia kidonda, upungufu wa damu, kutapika na nywele kuanguka. Juu ya akili ya mgonjwa miezi sita baadaye sikufundishwa kitu. Nimesoma baadaye, tena kwa kuchelewa.

Huko Marekani wagonjwa wenyewe ndio waliotangulia kulisema jambo hili, wakaliita "ubongo wa kemo". Wengine waliambiwa ni wasiwasi tu. Kati ya waliowasikiliza vizuri walikuwa wauguzi. Mmoja wao ni Bernadine Cimprich wa Chuo Kikuu cha Michigan. Yeye aliona kwamba wanawake wengine wana shida ya kutuliza mawazo mahali pamoja hata kabla ya kudungwa sindano ya kwanza. Kumbe sio dawa peke yake! Kuambiwa tu una kansa, kukosa usingizi, kuwaza watoto watabaki na nani, hayo yanachosha akili kama jembe linavyochosha mkono. Dawa zikija juu ya uchovu huo, mzigo unazidi.

Msije mkafikiri ni watu wachache. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2017 ulifuata wanawake 581 wenye kansa ya matiti, pamoja na 364 wasio na kansa. Miezi sita baada ya kemo kuisha, karibu 37 katika kila 100 ya wale wagonjwa walisema akili yao imerudi nyuma kwa kiasi kikubwa kuliko kabla ya matibabu. Kwa wale wasio na kansa, walikuwa karibu 14 katika 100. Hebu hesabuni katika kikundi chenu mna wangapi waliotibiwa.

Na dalili zake zinaonekana ndogo. Anatafuta neno analolijua, halitoki. Anaweka sufuria motoni, anaenda kuchota maji, anakuta imeungua. Anatuma pesa kwa simu kwa mtu asiye yeye. Mkizungumza watu watatu kwa mara moja anapotea. Kazi ya saa moja inamchukua asubuhi nzima. Kwa wengi hali hii hupungua polepole, lakini wako ambao hukaa nayo miaka.

Muuguzi mwingine, Diane Von Ah, aliwahoji wanawake 22 waliotibiwa kansa ya matiti, na mwaka 2013 akaandika waliyoyasema. Kusahau kuliwaharibia kazi, kukawaondolea kujiamini, kukawatenga na watu. Jambo lililowasaidia kuizoea hali hiyo ni kuaminiwa, yaani mtu kukubali kwamba shida yao ni ya kweli. Niliposoma hapo nilifunga karatasi nikakaa kimya. Sisi tuliinua mikono.

Sasa msaada ni upi? Mpaka leo hakuna kidonge kilichothibitishwa kuondoa shida hii, kwa hivyo mtu akikuuzia dawa ya ubongo sokoni, shika pesa zako. Lakini yapo mambo yanayosaidia. Huyo Von Ah mwaka 2012 alitoa matokeo ya mafunzo kwa wanawake 82. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kukumbuka, jingine lilizoezwa kwa kompyuta kuharakisha mawazo, kipindi cha saa moja mara kumi. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Kompyuta sisi hatuna, lakini mbinu tunaziweza: kupanga vitu kwa mafungu, kurudia jina kwa sauti, kuunganisha jambo jipya na la zamani.

Lile ninalolipenda zaidi ni la Cimprich, maana halina gharama. Mwaka 2003 yeye na mwenzake walitoa utafiti wa wanawake 157 waliokuwa wamegunduliwa na kansa ya matiti karibuni. Sehemu yao waliombwa watumie dakika 120 kila wiki penye mimea na ndege: kutembea, kutunza bustani, kukaa tu wakitazama. Baada ya upasuaji, hao walirudisha uwezo wa kushika mawazo vizuri kuliko wenzao. Najua mtasema, sisi tuko shambani kutwa! Ndiyo, lakini kulima huku unawaza karo sio kukaa chini ya mwembe. Nasema ni kupumzisha akili. Mgonjwa aliyekaa chini ya mti asiitwe mvivu.

Kutembea kwa miguu na kulala vizuri pia kunasaidia. Tena arudi kliniki apimwe damu, kwa sababu upungufu wa damu, tezi ya shingo na huzuni nzito huleta kusahau, na hayo yana dawa. Lakini akianza ghafla kuumwa kichwa vikali, kutapika, kuanguka kifafa, kulegea upande mmoja au kuchanganyikiwa, msingoje kliniki ya mwezi ujao. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana kansa huweza kuingia kwenye ubongo.

Kwa vikundi, naomba hivi. Mwenzenu akirudi, asipewe daftari peke yake mara moja. Wawe wawili, mmoja anahesabu, mwingine anaandika, na pesa isitoke kabla kalamu haijashuka. Mkutano uwe na mtu mmoja anayesema kwa zamu. Zamu ziandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Hata mzima zinamfaa.

Yule mweka hazina wetu nilimwendea mwaka jana. Nikamwomba msamaha, nikamweleza niliyosoma. Alinipikia chai. Akaleta daftari dogo la shule ambalo ameandika kila kitu: siku ya kliniki, majina ya wajukuu, ndoo ngapi za maziwa, mahali alipoweka ufunguo. Akaniambia alikuwa amefika mahali pa kuamini kwamba kweli aliiba na hakumbuki. Kikundini hajarudi. Nimepeleka jambo hilo kwa mwenyekiti wetu, litazungumzwa mkutano ujao.

Naona chai imefika. Yule mama wa nyuma aliyeinua mkono aanze kuuliza.