Majani ya Mboga Yatazamwe Kabla ya Kutiwa Dawa



Mara nyingi mkulima aonapo jani limetoboka au limegeuka rangi, hukimbilia dukani kununua dawa. Fedha ya shule ya mtoto hutumika, dawa hupigwa, na mboga hufa vile vile. Mganga hampi mgonjwa dawa kabla ya kumtazama. Mboga nazo zataka kutazamwa.

Kwanza, mkulima na aligeuze jani atazame upande wa chini. Katika sukuma wiki na kabichi, vidirisha vyenye ngozi nyembamba iliyobaki ni kazi ya viwavi wadogo wa kijani. Kiwavi huyo akiguswa hujipinda na kuning'inia kwa uzi. Majani yaliyojikunja na kunata yana vidukari, wafyonzao maji ya mmea.

Pili, aangalie ugonjwa umeanzia wapi. Umanjano ulioanzia ukingoni mwa jani kwa umbo la pembe tatu, pamoja na mishipa myeusi, ni uozo mweusi. Huletwa na bakteria, wala dawa ya wadudu haiuponyi. Mimea hiyo ing'olewe, na jamii ya kabichi isipandwe hapo kwa miaka 2 au zaidi.

Tatu, majani ya chini yakiwa manjano bila doa wala mdudu, huenda mmea una njaa tu, nao wahitaji samadi.

Nyanya na viazi vina adui wengine. Kitale iko juu ya mita 1,800, na baridi ya mvua huleta ukungu: madoa meusi yenye majimaji, na utando mweupe chini ya jani. Ndio uliounguza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa. Lakini jani la nyanya lililochimbwa ndani, likabaki na mabaka meupe, huonyesha kiwavi wa Tuta absoluta, aliyeonekana Kenya mwaka 2014. Dawa ya ukungu haimdhuru.

Mkulima asiyetambua na achume majani machache, ampelekee Bwana Shamba. Na apigaye dawa asome maandishi ya chupa, ahesabu siku za kungoja kabla ya kuchuma. Maana mboga iuzwayo sokoni Chwele italiwa na watoto wa watu.