Kinga ya Karanga Ilitoka Porini



Chukueni jani la karanga lenye kutu, mligeuze. Upande wa chini mtaona vipele vya rangi ya chungwa iliyokolea, na ukivipitishia kidole, unga wake hubaki kwenye ngozi. Kila chembe ya unga huo ni kijimbegu cha kuvu iitwayo Puccinia arachidis. Kikiangukia jani lenye umande kinaota, kinapenya kwenye vitundu ambavyo mmea hupumulia, na baada ya takriban majuma mawili vipele vipya hutokeza. Kutu mara nyingi haiji peke yake. Hufuatana na kuvu mbili za madoa: moja huwahi, doa lake la kahawia likizungukwa na duara la njano, nyingine huchelewa, na doa lake ni jeusi. Zikikutana, majani hupukutika wakati karanga bado zinajaza ardhini, na vikonyo vinavyoshika maganda hulegea. Mkulima anang'oa shina, maganda yanabaki udongoni. Nusu ya mavuno, pengine zaidi, yaweza kupotea hivyo.

Marekani wakulima hupulizia dawa kila baada ya majuma mawili hivi, karibu msimu mzima. Mkulima wa Masasi au Nachingwea hapa Tanzania haimudu gharama hiyo. Kinga yake lazima aipate ndani ya mbegu anayoifukia.

Lakini mbegu yenyewe ilizaliwa na kinga haba. Karanga tunayoila ni chotara wa mimea miwili ya porini ya Amerika Kusini, Arachis duranensis na Arachis ipaensis. Kila mzazi ana kromosomu 20. Katika chotara zilijirudufu zikawa 40, na tangu hapo karanga haikuweza tena kuzaana vizuri na jamaa zake. Wareno walipoileta Afrika katika karne ya 16, ilikuja ikiwa ukoo mwembamba. Jamaa wale walibaki kwao, wakipambana na kuvu hizi kizazi baada ya kizazi.

Mmoja wao ni Arachis cardenasii wa Bolivia, aliyepewa jina la mtaalamu wa mimea wa nchi hiyo, Martín Cárdenas. Katika miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, mtafiti Walton Gregory alifanya kazi ya kumzalisha na karanga akishirikiana na Joseph Smartt, aliyekuwa ametafiti karanga Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Kazi yenyewe ni ya vidole. Ua la karanga hujichavusha lenyewe, kwa hiyo jioni unalifungua kabla halijachanua na kutoa vyavulio vyake kwa koleo ndogo. Asubuhi unalipaka chavua ya mmea wa porini. Mtoto wa ndoa hiyo ana kromosomu 30, naye ni tasa. Dawa iitwayo kolkisini ilizirudufu zikawa 60, mmea ukatoa mbegu, na baada ya vizazi kadhaa ikapatikana mimea yenye kromosomu 40 iliyobaki na vipande vya yule ndugu wa porini.

Vipande viwili, kwenye kromosomu ya 2 na ya 3, ndivyo vyenye thamani hasa. Kuvu inapoingia humwaga protini ndani ya jani ili kuzima ulinzi wake. Mmea wenye jeni za kuzitambua protini hizo huamsha ulinzi mapema. Katika karanga kinga dhidi ya kutu haimalizi kuvu papo hapo, huichelewesha. Vipele huwa vichache, vidogo, vinachelewa kupasuka, na unga wake ni kidogo. Mimi naiamini kinga ya namna hii kuliko ile inayoua moja kwa moja. Kinga inayotegemea jeni moja kali, kuvu hubadili protini moja tu ikaipita. Australia waliliona hilo katika zao la mafuta la kanola: aina iliyotegemea jeni moja dhidi ya ugonjwa unaoozesha shina ilishindwa huko Eyre Peninsula mwaka 2003, takriban miaka mitatu tu baada ya kuuzwa.

Tatizo ni kwamba kinga ya porini haiji peke yake. Huburuta ukomavu wa kuchelewa na ganda gumu, na hakuna mama atakayemenya karanga hizo mara mbili. Ndiyo maana alama za vinasaba, zinazoonyesha mche upi umebeba kipande cha kinga, zimesaidia sana. Watafiti wa India waliitoa kinga ya kutu kwenye aina ya GPBD 4, yenye kinga hiyo ya porini, wakaihamishia kwenye aina zinazokomaa mapema, mojawapo JL 24, ambayo jirani zetu wa Malawi wanaijua kama Kakoma.

Mwaka 2021 wanasayansi walifuatilia vipande hivyo na kuvikuta katika karanga za Afrika, Asia, Oceania na Amerika, vyote vikitokana na sampuli moja ya Bolivia. Vilienea kwa sababu watafiti walikuwa wakipeana mbegu bila vizuizi vingi. Leo njia hiyo imebanwa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu rasilimali za kijenetiki za mimea uliweka orodha ya mazao ya kubadilishana kwa urahisi, na karanga haikuwekwa humo. Natamka waziwazi kwamba kuiacha nje kulimdhulumu mkulima mdogo.

Doa linalowahi, ambalo linawasumbua sana wakulima wa Malawi na Zambia, bado halijapata mbegu ya kulizuia vya kutosha. Kinga ipo kwa jamaa wengine, kama Arachis stenosperma wa Brazil. Naiomba Serikali idai karanga iingizwe kwenye orodha hiyo. Mbegu zikifika, vijana wa kuzichavusha wamo humu ukumbini; watakachovuna kwanza ni machotara tasa, na hapo ndipo kazi yao itakapoanza.