Joto katika Chumba cha Mashine
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kiganjo, Thika)



Nilipoarifiwa kwamba nitasema habari za joto la kompyuta, mwenzangu mmoja kazini aliniuliza, "Wewe mtu wa reli, hayo yakuhusu nini?" Akauliza tena kama mkutano uko Nyeri, kwa maana sisi tukisikia Kiganjo twafikiri stesheni ile ya njia ya Nanyuki. Nikamjibu kwamba ni Kiganjo hii ya Thika, na habari zenyewe si ngeni kwetu. Mtu wa reli hufundishwa mapema kuweka mgongo wa mkono karibu na beringi za gurudumu gari linaposimama. Beringi ikikosa mafuta hupata moto, na ikiachwa hivyo ekseli yaweza kukatika njiani.

Chumba cha seva nacho chataka mkono wa namna hiyo. Seva ni kompyuta zisizo na kioo cha kutazama, zimepangwa katika makabati marefu, nazo hufanya kazi usiku na mchana. Karibu umeme wote unaoingia ndani yake hutoka ukiwa joto. Feni huvuta hewa ya baridi kwa mbele na kuitoa nyuma ikiwa ya moto. Chama cha wahandisi wa viyoyozi kilichoko Marekani, kiitwacho ASHRAE, kimeshauri kwamba hewa inayoingia kwenye mashine iwe kati ya digrii 18 na 27 za Selsiasi. Angalieni neno hilo: hewa inayoingia. Si hewa ya mlangoni, wala ya pembeni mwa chumba. Na hapa Thika, karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hubeba joto pungufu, kwa hiyo feni hazina budi kufanya kazi ya ziada.

Unyevu wa hewa nao hupimwa. Ninyi mliokulia katika mashamba ya kahawa ya Ruiru mwajua jambo hili kuliko mimi. Kahawa ya maganda hukaushwa mpaka unyevu wake ufike kama 11 kwa mia. Ikizidi hapo yaingia ukungu, ikikauka mno yavunjika. Mashine ni vivyo hivyo. Hewa ikiwa na maji mengi, umande waweza kushika juu ya vyuma vya baridi na kuviletea kutu. Ikiwa kavu mno, huzaliwa umeme ule mdogo unaolia tukivua sweta, na cheche yake moja yaweza kuua kijisehemu cha kompyuta. Mafundi wengi hujitahidi unyevu usipite 60 kwa mia.

Pengine mtu atasema, hayo ni mambo ya wakubwa. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, mitambo yake ilikuwa ng'ambo. Ililetwa Kenya mwaka wa 2015. Tangu hapo, ada ya mtoto na dawa ya mzazi zapita katika vyumba vilivyo katika nchi yetu. Hata huko Ulaya mambo huharibika. Tarehe 19 Julai 2022, Uingereza ilipopita digrii 40 kwa mara ya kwanza, hospitali za Guy's na St Thomas' za London zilipoteza vyumba vyao vyote viwili vya kompyuta kwa siku moja. Madaktari walirudi kwenye karatasi, na ilichukua wiki kadhaa kutengeneza yote.

Sasa niseme lililonileta. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, kulikuwa na chumba kidogo cha seva. Mlinzi wa usiku, mzee anayekaribia kustaafu, alipewa daftari na kuambiwa aandike joto kila saa. Kipimajoto kilipigiliwa msumari kando ya mlango. Usiku wa Jumamosi moja umeme ulipotea, ukarudi baada ya dakika chache. Seva hazikuzimika, kwa sababu zina betri. Kiyoyozi hakikuwa na betri, na umeme uliporudi hakikuwaka chenyewe. Chahitaji mtu abonyeze kitufe. Hakuna aliyemwambia mzee habari hiyo. Aliona taa zinawaka, akajua mambo yamerudi sawa.

Aliandika 23, kisha 24, kisha 26. Aliandika kweli. Chini ya mlango kuna uwazi, na baridi ya usiku ilikuwa ikiingia na kukipoza kipimajoto, huku juu ya makabati hewa ya moto ikizunguka na kurudi tena mbele ya mashine. Kabla ya mapambazuko zilijizima zenyewe, na mbili hazikuwaka tena. Jumatatu mzee akapewa barua ya onyo, eti alizembea.

Mimi nilikwenda kumtetea, nikaomba tuweke kipimajoto cha pili mbele ya kabati, sehemu ya juu. Kiyoyozi kilipozimwa kwa majaribio, kile cha mlangoni kilisema 25. Kile cha kabatini kilikuwa kimepita 34. Bwana aliyekuwa nasi alitazama, akanyamaza. Barua haikuondolewa.

Kwa hiyo naiomba kamati hivi. Anayepewa daftari apewe na namba ya simu ya fundi atakayeitika usiku, na aambiwe ni digrii ngapi za kumpigia. Aonyeshwe kitufe cha kiyoyozi, na apewe ruhusa ya kukibonyeza. Kipimo kiwekwe mahali hewa inapoingia. Kengele ya kujipigia yenyewe ni nzuri, nami naiunga mkono, ila tusikubali iwe sababu ya kumwondoa mlinzi. Hata kengele ina betri inayokwisha.

Na barua ile ya onyo bado imo katika faili ya mzee, naye astaafu Desemba. Nakala za kurasa za daftari ninazo hapa. Anayetaka kuziona aje mbele.