Wakili wa Talaka: Muulize Kwanza Habari za Baraza

Leo tuko kwa mama aliyekwisha kuamua kwamba ndoa imevunjika, au baba, maana kina baba nao huja. Anatafuta wakili.

Usianze na bei. Muulize hivi: "Nianzie wapi?" Akikuambia mtafungua shauri kesho, nawe hujapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, shtuka. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka baraza lithibitishe kwa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, ila kwa hali chache, kama vile mwenzako kutoweka usijue aliko. Bila hati hiyo shauri lako linaweza kutupwa, na nauli za kwenda mahakamani zimeshaliwa.

Swali la pili ni mali. Wapo wanaodhani asiye na risiti hana chake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Ajabu ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, lakini wanawake wengi wamepitia mlango alioufungua. Wakili wa ndoa asiyeijua kesi hii, mimi ningemuaga.

Jina la wakili unayemchagua lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Gharama ziandikwe, kila malipo na risiti.

Huna fedha? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakutambua. Muulize msajili msaidizi wa msaada wa kisheria kwenye halmashauri yenu.