Hotuba Juu ya Kifua Kikuu Magerezani



Huenda mkastaajabu kwa nini jioni hii tunawavusha bahari mpaka Kilosa na Mikumi, hali magereza tunayo hapa hapa. Tunawaomba subira.

Mgonjwa wa kifua kikuu aliyemo Gereza la Kilosa hunywa dawa kwa muda wa miezi sita bila ya kukatiza. Tuseme kwao ni Mikumi, na kifungo chake kimekwisha mwezi wa tatu. Lango linafunguliwa, naye anashika njia. Ni nani atakayeifikisha kadi yake katika Hospitali ya Mtakatifu Kizito? Kwa mahabusu jambo ni zito zaidi, kwani huachiwa siku yoyote mahakama ikitamka. Dawa ikikatika, vijidudu huizoea, na jamaa atakaolala nao chumba kimoja wamo hatarini. Hao hakuna hakimu aliyewahukumu.

Hatusemi kuwa nchi imekaa kitako. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa msaada wa mataifa ya nje. Mwalimu wake mkubwa, Daktari Karel Styblo, Mcheki, yeye mwenyewe aliupata ugonjwa huu katika kambi ya wafungwa ya Mauthausen, zama za Vita Kuu ya Pili. Njia iliyojaribiwa kwetu, yaani dawa kunywewa mbele ya msimamizi na kila mgonjwa kufuatwa daftarini mpaka mwisho, Shirika la Afya Duniani liliieneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Na Morogoro mjini, shirika la APOPO, asili yake Ubelgiji, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine, wamefunza panya buku kunusa makohozi. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20, kisha maabara huthibitisha. (Sisi tunaowafukuza kwa fagio tuna la kufikiri!)

Lakini panya hachukui kadi mpaka Mikumi. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwezi wa Desemba 2015, zataka katika kanuni ya 24 kwamba tiba ya mfungwa isikatike, na kifua kikuu kimetajwa kwa jina. Basi twataka msaada wa kigeni upimwe kwa idadi ya waliomaliza dawa baada ya kufunguliwa, wala si kwa mashine zilizoshushwa bandarini. Na asitoke mgonjwa langoni ila ana barua mkononi, na hospitali ya kwao imekwisha arifiwa.

Katika matawi yetu, ndugu aliyefunguliwa naye anakohoa apelekwe kupimwa juma hilo hilo.