KIBALI CHA KAZI MKONONI MWA TAJIRI

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa kwa ombi la wanachama ambao walikuwa zamu siku ile.)



Halmashauri imenipa nusu saa niseme juu ya viza na vibali vya kazi, na juu ya mitambo hii ya kompyuta. Ndugu mmoja ameniuliza hapo mlangoni, "Sisi watu wa reli tuna shauri gani na Wahindi wanaokwenda Marekani kutengeneza programu?" Ameuliza vizuri, na nitamjibu kwa kuanza na reli yenyewe.

Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901. Watu karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Mkataba ule ulikuwa karatasi iliyomfunga mtu kwa tajiri mmoja, kwa muda ulioandikwa na kwa mshahara ulioandikwa. Baadaye zamu ikatufikia sisi wenye nchi. Tangu 1919 hata 1947 wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua kipande. Ndani yake mlikuwa na jina la mtu, alama za vidole, jina la tajiri wake na mshahara wake. Kama tajiri wa kwanza hakutia sahihi kwamba amekuachilia, wa pili hakukuandika, na ukiondoka bila sahihi unatafutwa kama mwizi. Wazee wetu walikivaa shingoni katika kikopo cha chuma. Na mkumbuke kwamba alama za vidole zilikuwa ndio ufundi mpya wa siku zile. Serikali ilijisifu nazo kama vile watu wanavyojisifu leo kwa kompyuta.

Sasa twende Marekani. Kwa sheria ya mwaka 1990 iko viza iitwayo H-1B, ya watu wenye elimu ya juu, na wengi wanaoipata ni Wahindi wa kazi za kompyuta. Hesabu yake kwa makampuni ni 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 za waliosoma shahada ya pili katika vyuo vya huko huko. Maombi yakizidi, hupigwa kura kama bahati nasibu. Lakini sikilizeni neno hili: mfanya kazi haombi mwenyewe. Anayeomba ni tajiri. Mtu akifukuzwa, kwa kanuni iliyoanza 2017 anapewa siku zisizozidi 60 apate tajiri mwingine wa kumwombea, au atafute njia nyingine ya kisheria, au afunge mizigo na watoto aende zake. Akitaka ukaaji wa kudumu kwa njia ya kazi, kwa kawaida tajiri ndiye anayemwombea tena, na kwa kuwa watu wa nchi moja hawapewi zaidi ya saba katika kila mia, Mhindi hungoja miaka mingi sana. Mtu wa namna hiyo ataweza kusimama mbele ya msimamizi na kusema mshahara hautoshi?

Huko kuna mabishano makubwa. Matajiri wa mitambo wanasema mafundi wenyeji hawatoshi. Wafanya kazi wenyeji wanasema wageni wanaletwa ili mishahara ishuke. Katika Florida, kampuni ya Disney iliwaachisha watu karibu 250 wa idara ya kompyuta, habari iliyojulikana sana mwaka 2015, na baadhi yao walitakiwa kwanza kuwafundisha watu wa kushika nafasi zao, walioletwa na kampuni ya India. Hasira yao naielewa kabisa. Kumfundisha mtu kazi ili wewe ufukuzwe ni tusi. Ila hasira ile ilimwangukia yule aliyekaa kitini akifundishwa, naye ndiye aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote chumbani.

Mwezi wa Septemba 2025 Rais Trump aliamuru kwamba ombi jipya la mtu aliye nje ya nchi lilipiwe dola 100,000. Wengine walishangilia. Mimi sikuona cha kushangilia, kwa sababu karatasi ilibaki mkononi mwa tajiri vile vile, na aliyelipa fedha nyingi namna hiyo ataikaza zaidi.

Tena mitambo ina njia nyingine. Mtu akizuiwa mpakani, kazi yenyewe hupitishwa kwa waya, haiulizwi pasipoti. Kwa njia hii kazi ya Facebook ilifika Nairobi mwaka 2019. Kampuni ya Sama iliandika vijana wa kutazama picha na maneno ambayo watu hutia humo, na kuondoa mabaya: watu kuchinjwa, watoto kuteswa, mchana kutwa. Kwa kuwa lugha zilizotakiwa ni nyingi, vijana waliletwa pia kutoka Ethiopia, Afrika Kusini na kwingineko. Daniel Motaung wa Afrika Kusini anasema alifukuzwa kwa sababu alijaribu kuwaunganisha wenzake, na mwaka 2022 akashitaki hapa Nairobi. Kampuni ilikana. Mwaka 2023 kazi ile ilipofungwa, wengine zaidi ya 180 wakashitaki. Kampuni ya Meta, yenye Facebook, ilisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, na mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikalikataa neno hilo.

Fikirini hali ya kijana wa Ethiopia katika kundi lile. Kwa sheria yetu ya Uhamiaji ya mwaka 2011, kibali cha daraja la D ni cha kazi maalum kwa mwajiri maalum. Kazi ikikwisha, kibali nacho hakina mguu wa kusimamia. Mkenya aliyefukuzwa anakwenda kwa shangazi yake Kayole kungoja kesi. Mgeni atangoja wapi? Hapa aliyemfunga si Marekani, ni sisi. Na pamoja na hayo, siku ya Wafanya Kazi, tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya 150 wa kazi hiyo walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama chao, wageni na wenyeji pamoja. Walikuwa na ujasiri kutushinda sisi wenye vibanda vya reli na kadi za chama.

Dada zetu walioko Saudi Arabia mnajua habari zao, kwa hiyo nitapita upesi. Mabadiliko ya Machi 2021, yaliyowaruhusu wengine kuhama tajiri kwa urahisi zaidi, yaliwaacha nje wafanya kazi wa nyumbani. Na serikali ya huko imetengeneza programu ya simu iitwayo Absher, ambayo kwayo tajiri hutoa ruhusa ya mtumishi kutoka nchini na kurudi, akiwa amekaa kitandani. Kipande kilihitaji kalamu na wino. Hiki chahitaji kidole tu.

Najua baadhi yenu mnanung'unika kimoyomoyo: je, wageni wanaochukua kazi zetu hapa? Kazi ambayo Mkenya aiweza asipewe mgeni. Hilo ni haki na chama kiendelee kulidai, pamoja na mafunzo kwa vijana wetu. Lakini mgeni aliyekwisha kuwa ndani ya lango tukimwacha peke yake na tajiri, atafanya kazi kwa bei ya tajiri, na kesho bei hiyo ni yetu. Makhan Singh alizaliwa India, akaja Nairobi akiwa kijana. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanya kazi. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa mpaka 1961. Mgeni huyo alikaa kifungoni miaka kumi na moja kwa ajili ya kadi mlizo nazo mifukoni.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Tawi liiombe Halmashauri Kuu iandike COTU na Wizara ya Kazi, kwamba mgeni aliyefukuzwa apewe muda wa kutafuta kazi nyingine, na asiondolewe nchini kesi yake ya kazi ikiwa mahakamani. Neno hilo hilo liwekwe katika mapatano ya serikali na nchi za Ghuba, kwa ajili ya watoto wetu. Na tuandikishe wageni walio katika karakana na ofisi zetu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mfanya kazi ana haki ya kujiunga na chama. Hakikusema kila raia. Bwana Mwenyekiti, naomba apatikane wa kuniunga mkono, kisha tupige kura kabla gari la jioni halijaondoka.