Mtoto anayelala darasani si mvivu

Mazungumzo kwa wazazi na walimu kwenye kikao cha chama, Yahuma



Kamati ilituomba tuseme juu ya daftari na kalamu za trimestri inayokuja. Hazitatosha watoto wote. Kuna wazo kwamba wapewe kwanza watoto "wenye bidii", na wale wanaolala darasani wangoje. Kabla ya kuinua mikono, tunaomba mtusikilize kidogo, juu mgawanyo huo ulianza kwetu sisi wenyewe.

Mwanzo wa mwaka wa masomo tulipita darasa kwa darasa na orodha mkononi. Mbele ya majina kadhaa tuliandika "mvivu" ao "hana nia ya kusoma". Tulimwangalia mtoto dakika chache tu, basi tukaandika. Sisi tuliosoma hadi iniversite! Mmoja wao alikuwa msichana wa darasa la tatu. Asubuhi alikuwa anajibu vizuri. Saa nne ikifika, kichwa kiko juu ya meza. Mwalimu alimpiga fimbo, wenzake wakamcheka, na jirani mmoja akaanza kusema kwamba usiku mtoto yule anatembea na ndoki.

Mama yake ndiye alitufundisha. Alisema: "Huyu mtoto hata kucheza hachezi. Mvivu wa masomo anakimbia kwenda kucheza, sivyo?" Tukaenda naye kwenye kituo cha afya. Munganga alifunua kope ya jicho lake, ndani kweupe. Alipima damu: malaria iko, na damu imepunguka sana. Alipewa dawa ya malaria, ya minyoo, na ya kuongeza damu. Hatuwaambii kwamba siku hizi ni wa kwanza darasani. Hesabu bado inamshinda. Lakini sasa anakaa macho wazi mpaka kengele ya mwisho, na anauliza maswali.

Juu ya nini damu ikipunguka akili nayo inachoka? Ubongo wa mtu mzima ni karibu sehemu 2 kwa 100 ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu sehemu 20 kwa 100 ya nguvu yote ya mwili. Ubongo wa mtoto unadai zaidi, kwani bado unajengwa. Nguvu hiyo inatoka kwenye chakula, na hewa ya kuiwasha inabebwa na damu. Vijidudu vya malaria vinavunja chembe nyekundu za damu. Minyoo ya safura, ile inayoingia kwa miguu isiyo na viatu, inanyonya damu tumboni siku kwa siku. Mtoto hana homa, hatapiki, anatembea. Tunasema ni mzima. Kumbe anaishi na nusu ya nguvu yake.

Na kitu kimoja kinachopotea ni ule uwezo wa kukaza akili juu ya jambo moja kwa muda. Jina lake analijua, nyimbo anazijua. Lakini mwalimu akieleza kwa dakika ishirini, baada ya dakika tano mtoto hayuko tena pale.

Si sisi tu tunaosema. Huko magharibi mwa Kenya, kwenye eneo la Bondo, watafiti walifuata shule 30 kwa mwaka mmoja, na matokeo yao yalitoka mwaka 2008. Katika shule fulani watoto walipewa dawa ya malaria mara moja kila trimestri, hata wale wasioonekana wagonjwa. Katika shule nyingine walipewa vidonge visivyo na dawa. Mwisho wa mwaka, upungufu wa damu kwa waliopata dawa ulikuwa karibu nusu ya ule wa wenzao. Walipopimwa kusikiliza na kuhesabu sauti bila kupotea, waliwashinda pia. Alama zao za masomo hazikupanda mwaka ule. Sisi tunaona hivi: dawa inamrudisha mtoto kwenye benchi akiwa macho, lakini yale masomo yaliyompita, ni mwalimu na mzazi wa kuyarudisha.

Uganda nako, hospitali ya Mulago huko Kampala, walifuata watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani. Baada ya miaka miwili, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa bado na shida ya akili, zaidi sana kukaza akili. Kwa hiyo ikiwa mtoto wako alipoteza fahamu kwa malaria zamani, mwambie mwalimu. Si haya.

Kuna tena ugonjwa wa usingizi, unaoletwa na mbung'o. Mwaka 1998 nchi yetu peke yake ilihesabu wagonjwa zaidi ya 26,000. Tangu 2018 dunia nzima haifikishi 1,000 kwa mwaka, lakini wengi wao bado ni Wakongo wenzetu. Mtoto anasinzia mchana, usiku hapati usingizi, tabia inageuka, pengine tezi zinavimba nyuma ya shingo. Msingoje. Siku hizi kuna vidonge vya fexinidazole, mara moja kwa siku kwa siku kumi, kwa watoto kuanzia miaka 6 wenye kilo 20 ao zaidi. Munganga ndiye anaamua kama vinafaa.

Na kuna uchovu ambao kipimo hakionyeshi. Watoto wetu wengine walilala porini, walikimbia usiku, walisikia risasi. Mpaka leo wanaamka usiku wakilia. Wengine walipona ugonjwa lakini mwili unakataa kurudi kwa miezi. Hao nao si waongo. Wanahitaji kazi fupi, mapumziko, na maneno ya upole.

Basi tunapendekeza nini?

Kwa walimu: muwe na daftari ndogo. Mtoto akisinzia, andika jina, siku na saa. Baada ya wiki mbili ita mzazi. Mweke mtoto mbele, mpe zoezi fupi fupi, na fimbo iwekwe chini. Fimbo haiongezi damu.

Kwa wazazi: tazameni ndani ya kope, viganja na ulimi. Mtoto anakula udongo? Anahema akipanda mlima mdogo? Mpelekeni kituo cha afya. Msinunue dawa sokoni kwa kukisia. Asipande shamba ao kuchota maji mpaka jua limetoka halafu akimbie darasani na tumbo tupu: hata kipande cha muhogo cha jana kinasaidia. Pondu na samaki, mbinzo, maharagi, na machungwa ao ndimu pembeni, vinasaidia damu. Usiku, mustikere ni ya kulalia, si ya kuvulia samaki.

Na msikubali mtu aseme mtoto wenu ni ndoki. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza jambo hilo.

Kwa chama: kwa wengi wetu fishi ya kuona munganga ndiyo kizuizi. Tunaomba sehemu ya mfuko wa mshikamano ilipe fishi kwa watoto ambao walimu wataandika kwenye daftari ile. Hatuombi mengi. Tuanze na trimestri moja, tupige hesabu pamoja, tuone.

Sasa turudi kwenye daftari na kalamu. Tukiwanyima wanaolala, tutakuwa tumewaadhibu watoto juu ya damu iliyopunguka. Watatoka masomoni kimya kimya, na kesho tutasema hawakupenda kusoma. Afadhali kila mtoto apate daftari moja kuliko wachache kupata tatu.

Sisi tumekwisha kufuta lile neno kwenye orodha yetu. Mahali pake tumeandika: "apimwe." Tunawaomba nanyi mfanye vile vile leo, kabla ya kupiga kura.